Kompyuta ya Nyuma ya Pazia

Vijana niliowaachia karakana yangu ya Malindi, hapa mjini Unguja, walinipa daftari siku waliyoniaga, kubwa, la jalada gumu. "Andika, Mzee Masoud," wakanambia, "tusije tukakosea pale ulipokosea wewe." Mpaka leo sijajua kama nilisifiwa au nilisutwa. Mke wangu anasema nilisutwa. Basi naandika, na walioomba makosa watayapata. Habari za mapato na vyeo sitazigusa, kwani vyeo sikuwa navyo: niliingia fundi, nikatoka fundi, na katikati nilikuwa fundi mwenye miwani.

Kazi niliianza mwaka 1985. Skuli nilikuwa nimemaliza, najua umeme wa ubaoni, ule usiompiga mtu. Baba yangu alinipeleka kwa Fundi Haji, Mtumbatu aliyekuwa akitengeneza redio katika chumba kimoja kwenye njia ya kwendea bandarini. Alikuwa mfupi, mpole, na kanzu yake ilikuwa imetoboka vitundu vidogo vidogo kwa matone ya lehemu. Akijiunguza hulaani kwa Kitumbatu cha ndani ambacho sikukifahamu, na nadhani ilikuwa heri kwangu. Siku ya kwanza nilitarajia kupewa bisibisi. Nilipewa mswaki. Mswaki wa meno, ulioshamaliza kazi yake ya mwanzo, na redio kubwa ya mbao iliyofunguliwa mgongo. Nilisugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikatoa vumbi, manyoya ya paka na mende saba, mmoja wao mzima.

Fundi Haji alikuwa na desturi moja ambayo mwanzo ilinichosha. Mteja akiingia na redio, hakuifungua. Aliiweka mezani, akamsalimia mtu kwa utaratibu, akamuuliza habari za watoto, kisha ndipo akauliza, "Inalala wapi?" Kama redio ni mgonjwa na yeye anataka kujua kitanda chake. Mmoja alisema inalala jikoni, basi tukajua tutakuta mafuta na masizi. Mwengine alisema dirishani, upande wa bahari, tukajua tutakuta kutu ya kijani kwenye viungo. Namkumbuka bwana mmoja aliyerudi na redio ile ile mara tatu. Mara mbili za mwanzo Fundi Haji alikuwa kwao Tumbatu, nami nilibadilisha vipuri kwa bidii kubwa. Mara ya tatu alimkuta Fundi Haji mwenyewe, naye Fundi akamuuliza inalala wapi. Yule bwana akajibu, bila ya haya, kwamba anaiweka juu ya mtungi wa maji ya kunywa ili ipate baridi.

"Kwa nini usifungue kwanza ukatazama?" nilimuuliza siku ile, nimeudhika.

"Redio haijiharibu peke yake, Masoud," akanambia. "Inaishi na watu. Nnataka kuwajua hao watu."

Niliyaona maneno ya kizee. Nilikuwa na miaka ishirini.

Alipoacha kazi kwa sababu ya macho, aliniachia chumba, meza, na mswaki. Redio zilikuwa zinapungua, na kompyuta zilikuwa zinaingia mjini moja moja. Ya kwanza niliyoitwa kuitazama ilikuwa ofisini, katika chumba chenye kipoza hewa ambacho wakubwa wenyewe hawakuwa nacho. Mlangoni tulivua viatu. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kutarizi, na karani aliyeiangalia alikivua kile kitambaa kwa mikono miwili, taratibu. Ubaya wake ulikuwa waya uliochomoka nyuma. Niliuchomeka, nikakaa muda kidogo nikikunja uso, kwa sababu niliona si adabu kumaliza upesi kazi ambayo watu wamevua viatu kwa ajili yake.

Miaka ikaenda. Nikasoma vitabu, nikaunguza vitu vya watu na vyangu, nikajua. Ilipofika miaka ya mwanzo ya elfu mbili watu walikuwa wanajiungia kompyuta wenyewe majumbani, kipande cha Dubai, kipande cha Dar es Salaam, kipande kilichotoka kwenye mashine ya marehemu. Na mimi nikawa fundi wa namba. Mtu alikuja na karatasi yenye majina na namba za vipande vyake, naisoma, namwambia badilisha hiki, ongeza kile. Sikuondoka kwenye kiti. Watu wakasema Fundi Masoud haguswi, anajua mashine kwa kusoma tu. Mimi nikasikia, na nikapenda.

Hapo ndipo alipoingia Bi Zuwena.

Alikuwa mtu wa mtaa wa Kiponda, umri wetu mmoja. Babu zake walikuwa Waarabu wenye mashamba ya karafuu, ila yeye hakurithi shamba, alirithi nyumba yenye ngazi mbovu. Mumewe alikuwa amefariki, akabaki yeye na binti yake, Asya. Kazi aliizua mwenyewe: alipiga video za shughuli za kike za harusi. Katika shughuli hizo mwanamume haingii. Wanawake huvua mabuibui, hujipamba, hucheza, na picha zake hazitazamwi na mwanamume asiye wao. Kwa hivyo mpigaji lazima awe mwanamke, na anayezikata na kuziunga picha lazima awe mwanamke, na kompyuta yenyewe, kwa hesabu hiyo, ilikuwa mwanamke pia. Haikutoka nyumbani.

Alikuwa ameiunga kwa mikono yake. Kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Maskati alimletea kipande kimoja kila alipokuja likizo, likizo hii bodi, likizo ijayo kasha, na yeye akavipachika juu ya meza ya chakula akisoma vijitabu vilivyomo ndani ya maboksi. Sisi mafundi wa mjini tulizisikia habari hizo tukajifanya hatukuzisikia.

"Asalaam alaykum, Fundi."

"Waalaykum salaam, Bi Zuwena. Habari za nyumbani?"

"Alhamdulillahi. Ila mgonjwa wangu ndiyo hivyo." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Inakwama. Ngoma inatangulia, mikono ya wapiga makofi inafuata nyuma. Asubuhi haina neno. Ikifika adhuhuri imeshachoka, kila nnachokifanya kinakatikakatika. Watu washaanza kunambia video zangu zinaruka, na mwezi huu nna harusi tatu. Na kuna mwenzangu keshafungua kazi hii hii Mwanakwerekwe, mashine yake mpya tupu."

Niliisoma karatasi. Prosesa ilikuwa ya miaka mitatu, na miaka mitatu kwa prosesa wakati ule ilikuwa uzee. Kadi ya picha ilikuwa ya daraja la chini.

"Badilisha vyote viwili," nikamwambia. "Prosesa na kadi ya picha."

"Vyote viwili? Nikianza na prosesa, kadi nikamngoja kaka aje nayo?"

"Ukibadilisha kimoja, kingine kitakirudisha nyuma."

Maneno haya kwa jumla ni kweli, na ndiyo maana yalikuwa ya hatari. Nyinyi mnaosoma, hebu tuliangalie swali lake kwa haki. Kazi ya kukata na kuunga video wakati ule ilikuwa ya prosesa, na baada yake memori na diski. Kadi kubwa ya picha iliwafaa vijana wa michezo ya kupigana bunduki. Kwake ingesaidia kidogo sana. Jibu lake lilikuwa bora kuliko langu. Kabla ya hapo lilikuwapo swali jengine, kwamba mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri mwaka jana, kwa video zile zile, imezeeka lini ghafla? Na lilikuwapo la tatu, alilonipa yeye mwenyewe bure kabisa: asubuhi haina neno. Yote matatu yalipita mbele yangu.

"Huji kuitazama kwanza?" akauliza.

"Ilete."

"Haitoki, Fundi, unajua. Ndani mna amana za watu."

"Basi haina haja. Karatasi imeshasema yote."

Ninajiuliza mpaka leo kwa nini nilisema vile. Niliona haya, hilo ni kweli, kwenda kukaa mbele ya mashine yenye picha za wake za watu. Lakini zaidi ya haya ilikuwa ile sifa yangu ya kusoma karatasi.

Nilimwagizia vipande kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam. Vikaja kwa boti, vimefungwa vizuri ndani ya maboksi yao. Masharti yake yalikuwa mepesi: mpaka Alhamisi jioni nimpelekee fedha, au nimrudishie vitu, ila boksi likishafunguliwa halirudi. Nikamtumia habari Bi Zuwena kwamba Alhamisi baada ya adhuhuri nitakwenda kumfungia.

Asya ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwenye haya, kitabu cha skuli mkononi. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mwanangu." Nikapanda zile ngazi mbovu, na kabla sijafika juu nilipokewa na harufu ya udi, nzuri, nzito, ile ya udi wa kupika nyumbani kwa sukari na mafuta mazuri. Nilijisemea kuwa hii ndiyo nyumba ya watu wastaarabu. Hilo tu ndilo nililojisemea.

Bi Zuwena alikuwa amejiandaa kwa namna ambayo sijaiona tena popote. Katikati ya chumba alitungika pazia zito la harusi, la rangi ya dhahabu. Upande mmoja aliweka skrini yake, ile nene yenye chogo, na kiti chake. Upande wangu lilikuwapo kasha la kompyuta sakafuni, na waya wa skrini ulipita chini ya pazia. Mlango wa chumba uliachwa wazi, Asya akakaa kizingitini na kitabu chake.

"Wewe utashika mashine, mie ntashika macho," Bi Zuwena akasema. "Ukitaka kujua kitu, uliza, ntakwambia nnachokiona."

"Naam."

"Mwanzo nikuoneshe inavyokwama. Yaani, nikusikilizishe."

Akaiwasha video. Nikasikia ngoma, vigelegele, sauti ya mwanamke anayeimba, kisha ghafla kak, kak, kak, mwimbaji amekatwa vipande kama muhogo. Nikasema nimesikia, aizime mashine. Nikakaa chini, nikafungua bisibisi zangu, nikaanza kutoa kifuniko cha kasha.

"Asya," nikamsikia akisema upande wa pili, "ikiadhiniwa alasiri, uswali, kisha uvae uende kwa sonara. Nshazungumza naye, anakungoja. Zimo kwenye leso, juu ya kabati."

"Zote sita, Mama?"

"Zote."

Asya aliinamisha uso kwenye kitabu, na nikaona kwamba hasomi. Bi Zuwena naye alihisi kuwa pana mtu wa tatu anayesikia, akaona ni bora anieleze.

"Bangili za marehemu mama yangu, Fundi, ndizo nnazouza nikulipe. Aliniachia nimvishe Asya siku ya harusi yake. Lakini mama angefahamu. Hii mashine ndiyo inayomsomesha huyu mtoto."

Nilisema inshallah zitarudi nyengine. Ni maneno ambayo mtu huyasema wakati mikono yake ina kazi.

Kisha kifuniko kikatoka, na ile harufu niliyoipokea kwenye ngazi ikanipiga usoni kutoka ndani ya kompyuta.

Ninyi mnajua prosesa hukaa chini ya kipande cha alumini chenye mapezi membamba, na juu yake feni inayopuliza. Feni ilikuwa nyepesi, ukiisukuma inazunguka. Lakini nilipoitoa, sikuyaona mapezi. Niliona kitu cheusi, kinene, laini, kama kipande cha zulia kilichokatwa kwa kipimo chake hasa. Nilikigusa, kikanata kwenye kidole. Nilikinusa: udi. Nyuzi za mabuibui ya kuvaa, vumbi la chokaa la nyumba kongwe, na moshi wa sukari na mafuta uliovigandisha pamoja. Hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa za aina ile, zikipata moto sana, hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Asubuhi ikiwa baridi inakwenda, ikifika adhuhuri imechemka, inaanza kutambaa. Feni ndogo ya kadi ya picha ilikuwa haizunguki kabisa. Nilipoisukuma kwa kidole ilitoa sauti ya kunata.

Mashine haikuwa nzee. Ilikuwa imekabwa pumzi.

"Bi Zuwena," nikauliza, na sauti yangu nikaisikia ngeni, "hii mashine inalala wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Karibu na kabati la nguo."

"Na udi mnafukiza wapi?"

"Si hapo hapo. Nguo za kuvaa kwenye shughuli, lazima nizifukize." Kisha akaongeza, "Na yenyewe naifukiza."

"Yenyewe?"

"Kompyuta. Mwanzo kila Alhamisi. Chetezo nnakiweka kando yake, pale penye matundu, nikaisomea. Watu wana macho, Fundi. Tangu yule mwenzangu wa Mwanakwerekwe aje kuitazama, ndipo ilipoanza kukwama. Na ilipozidi kukwama, nami nikazidisha. Sasa nnaifukiza kila siku."

Nilibaki chini pale, nyuma ya lile pazia la dhahabu, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Maboksi mawili yalikuwa kando yangu, mazima. Nitawaambia nilichokifikiri, kwa sababu ndicho mlichoniombea daftari. Nilifikiri kwamba hakuna anayeniona. Nikipachika prosesa mpya na kipozeo chake kipya, mashine itakwenda mbio, Bi Zuwena atanishukuru, na sifa yangu ya kusoma karatasi itafika mpaka Bumbwini. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwambia mama wa watu kwamba dua yake ndiyo iliyoiharibu mashine yake, na nitakuwa nimejiambia mimi kwamba sijui kazi. Nilikiona kila kitu wazi. Na nilikuwa nimeshachukua bisibisi kufungua boksi la kwanza, nimeshaikata gundi ya pembeni. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Kilichonizuia si ucha Mungu, nisijisingizie. Asya aliinuka kizingitini, akaenda kwenye kabati, akaiteremsha leso. Akakaa nayo mapajani bila ya kuifungua. Bangili ziligongana ndani ya leso, sauti ndogo, na ile sauti ikanikera rohoni kama redio inayokoroma ambayo najua pa kuigusa. Nikamkumbuka Fundi Haji na maswali yake ya kizee. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kichwa kizima kupata moto.

"Bi Zuwena, usimtume Asya."

"Kwa nini? Vitu vibovu?"

"Vitu vizima. Mimi ndiye niliyekosea."

Nikamweleza yote, nikiwa nyuma ya pazia, na pazia lilinisaidia. Nilimwambia kuhusu mapezi, moshi, joto, kwamba prosesa yake haina ubaya, na kwamba nilitakiwa kuja kutazama kabla ya kusema badilisha. Nilipomaliza nilikisikia kiti chake kikisogea.

"Ulisema vyote viwili," akasema.

"Nlisema."

"Bila ya kuiona."

"Bila ya kuiona."

"Na mie nlikuuliza, huji kuitazama?"

"Uliniuliza, Bi Zuwena."

Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki, na nilingoja. Kisha akauliza kwa sauti nyengine kabisa, "Na hasadi je?"

"Hasadi mimi siijui. Moshi naujua."

Alicheka. Si sana, ila nilimsikia Asya naye akipumua. "Haya, isafishe," akasema Bi Zuwena. "Lakini mie siamini mpaka nione. Na alasiri ikifika haijakaa sawa, mtoto anakwenda."

Katika mfuko wangu, chini kabisa, ulikuwamo mswaki wa Fundi Haji. Nilikuwa sijautumia kwa miaka. Nikaomba kibakuli, nikatia spiriti, nikasugua mapezi moja moja mpaka alumini ikaonekana nyeupe. Nikasafisha feni zote, ile ya kadi nikaitia tone la mafuta ya cherahani ya mwenye nyumba. Nikapaka dawa nyeupe ya kupitishia joto juu ya prosesa ile ile kongwe, nikaifunga. Iliyobaki ilikuwa kungoja. Mashine ya moto haijaribiwi ikiwa baridi, na hili liandikeni mahali. Nikamwambia aifanyishe kazi nzito kuliko zote alizonazo, harusi nzima, aiache ichemke.

Tulikaa. Asya na leso yake, mimi na kikombe cha kahawa, Bi Zuwena na skrini yake. Nusu saa. Saa nzima. Ngoma ilikuwa inapigwa upande wa pili, nami nilikuwa nikisikiliza kwa masikio yote mawili, nikiingoja ile kak ya kwanza. Jasho lilinitoka. Ikaadhiniwa alasiri, Bi Zuwena akaizima sauti kwa heshima ya adhana, na ilipomalizika akaiwasha tena. Mwimbaji alikuwa angali anaimba, mzima, hakukatika.

"Mikono inafuata ngoma?" nikauliza.

Jibu alimpa mtoto.

"Asya!"

"Naam, Mama."

"Zirejeshe juu ya kabati. Hwendi pahala."

Yule mtoto alilia kidogo, akaificha sura kwenye ile leso, kisha akaenda kuzirejesha. Nami nilijishughulisha na kukusanya bisibisi ambazo zilikuwa zimeshakusanywa.

Prosesa niliirudisha Dar es Salaam, boksi zima. Kadi ya picha ndiyo iliyokuwa kwenye lile boksi nililokata gundi, na mfanyabiashara aliikataa. Nikailipia mwenyewe. Ilikaa kwenye rafu yangu miaka mingi, na mtu akiniuliza bei nilimwambia haiuzwi, inanisomesha. Ninyi vijana mmeikuta pale, na najua mmeshaijaribu kwenye mashine moja huko Tunguu, msidhani sijui.

Bi Zuwena hakuacha kufukiza. Aliihamisha kompyuta kwenye chumba cha mbele, chetezo kikabaki na kabati, na Alhamisi akaisomea bila ya moshi. Aliitumia miaka minne zaidi kabla ya kubadilisha chochote, na alipobadilisha alianza na prosesa, kadi akaingoja, kama alivyotaka tangu mwanzo. Mimi nilirejea kwenye kuuliza. Katika daftari la kazi niliongeza mstari mmoja, chini ya jina la mteja na aina ya mashine: inalala wapi. Mnauchekea mstari ule, nimewasikia. Msiufute.

Mwisho nitaandika siku moja tu nyengine, kisha nifunge. Asya alimaliza masomo, akaposwa, akaolewa. Wiki moja baada ya harusi Bi Zuwena aliniita. Nilikwenda na bisibisi zangu zote, nikamkuta chumba cha mbele, kompyuta inaunguruma taratibu. Pazia hakutungika. Aliigeuza skrini tu ikatazama ukuta, akanionesha kiti.

"Leo hufungui kitu, Fundi. Nnataka usikilize."

Nikakaa. Akaongeza sauti. Ilikuwa harusi ya Asya: palikuwa na vigelegele, palikuwa na ngoma ambayo kwa kweli mtaa mzima tuliisikia siku ile, haikuwa siri. Kisha wanawake wakanyamazishana, ngoma ikatulia, nikamsikia Bi Zuwena mwenyewe ndani ya video akisema bismillahi. Bangili ya kwanza haikulia kitu, ilikuwa peke yake mkononi mwa Asya. Ya pili ikaigonga ya kwanza. Ikaja ya tatu. Bi Zuwena alikuwa amesimama kando ya skrini yake, ananitazama mimi, haitazami picha. Nilifumba macho nikazihesabu mpaka ya sita, na hakuna hata moja iliyokatika.